Kilemba cha Gunia

Ukimtafuta Candida Mgaya kwa jina lake la ubatizo utazunguka Kariakoo mpaka soli ikuishie. Uliza Mama Shazia. Muuza vocha yeyote atakunyooshea kidole: shika mtaa huu, ukiona nyumba ya chini iliyobanwa katikati ya maghorofa mawili, na mlangoni pana karai la chipsi linachemka, umefika. Utamkuta barazani kanyoosha miguu, gunia mapajani, na ile sindano ndefu iliyopinda nchani, shazia yenyewe, kaing'ata kwa meno. Usimsalimie akiwa kaing'ata. Atakujibu kwa nyusi, na wewe utadhani umedharauliwa, kumbe mwenzio kakuitikia kwa adabu zote.

Kazi yake ni magunia matupu. Sisi watu wa mjini tuna tabia moja mbaya: tunaliona gunia linapoingia limejaa, likishamwagwa hatujiulizi linaenda wapi. Viazi vya Njombe vinashuka Kariakoo kwa malori, vinamenywa, vinakaangwa, vinapigwa na mayai, watu wanafuta midomo na kuendelea na safari zao. Gunia je? Gunia limetobolewa na kulabu za makuli, limelowa, bado lina udongo wa kwao. Candida analinunua, analikung'uta, analianika juu ya bati la mwenye nyumba, analiziba, analikunja, na kulirudisha Njombe kwa lori lile lile lililoleta viazi. Kule linajazwa upya. Yapo magunia anayoyajua kwa sura. "Huyu nilimtibu bega mwaka juzi," atakwambia, "ona, kidonda kimeshika." Gunia lisiporudi, kiazi kinaozea shambani. Kiazi kisipokuja, karai la chipsi linapoa, na nusu ya Dar inabaki imeshika kijiti cha kulia haina cha kuchoma.

Mwenye nyumba ndiye huyo huyo mwenye karai. Anaitwa Husna, mtoto wa Kariakoo wa kuzaliwa, yeye na mama yake na bibi yake. Kila baada ya muda anakuja tajiri kutaka kiwanja ajenge ghorofa, na kila mara Husna anamkaribisha soda, anamsubiri amalize, kisha anamwonyesha njia.

"Wewe una kwenu," humtania Candida. "Mimi kwetu ni hili karai. Nikiuza hapa, sikukuu nitaenda kusalimia wapi?"

"Njoo kwetu," Candida humjibu. "Ila kuna baridi, utakaanga chipsi umejifunika blanketi."

Wameishi hivyo miaka na miaka, mmoja anashona, mwingine anakaanga, na kila siku ya Mungu wanagombana kuhusu vumbi la magunia linaloingia kwenye mafuta.

Sasa sikiliza mambo.

Msimu wa kuchimba viazi ulipokaribia, asubuhi moja alikuja Pantaleo. Huyu ni dalali. Kwa asiyejua soko letu: mkulima hata alete lori zima la viazi alivyovilima kwa mikono yake, hafungui mdomo kumuuzia mtu. Hakuna sheria inayosema hivyo, ni mazoea tu, lakini mazoea ya Kariakoo yana meno kuliko sheria. Dalali ndiye anayepanga, dalali ndiye anayeuza, mwenye mali anakaa pembeni juu ya tairi anasubiri aambiwe amepata nini. Na Pantaleo wala si mtu wa mbali. Ni mtoto wa Njombe, kijiji kimoja na Candida, padri aliyewabatiza ni mmoja. Mji ulimtoa ushamba, na katika kumtoa ushamba ukamtoa na haya.

"Dada Candi, mambo?"

Candida akaitoa shazia mdomoni. "Poa. Sema."

"Nimekuletea kazi, utasahau shida zote." Akakunjua gunia alilokuwa amelibana kwapani. Lilikuwa gunia zima, na juu ya mdomo wake limeungwa nusu ya gunia jingine. Alipolisimamisha lilimfika kifuani. "Magunia yote yanayokwenda nyumbani msimu huu uyaunge hivi. Wateja wangu wa sokoni ndivyo wanavyotaka."

Lumbesa hiyo. Nani asiyeijua? Serikali ilishapiga marufuku siku nyingi, ila marufuku inakaa redioni na lumbesa inakaa sokoni. Bei ni ya gunia, na gunia likinenepa bei hainenepi. Ile nyongeza ya juu watu wa kwao Candida wanaiita kilemba, na kilemba hakilipiwi na mtu. Lakini kilemba cha siku zote kinapachikwa: viazi vinapangwa juu ya mdomo wa gunia na kufungwa kwa wavu na kamba, angalau mkulima anaona anavyoibiwa. Pantaleo yeye alitaka kishonwe humo humo, kiwe ndiyo gunia lenyewe, ili mtoto wa kesho asijue kama gunia liliwahi kuwa fupi.

Candida alilitazama muda mrefu, akalishika pale kwenye mshono, akaliachia.

"Sishoni," akasema.

"Hujasikia malipo yake."

"Sitaki kuyasikia. Sishoni."

"Dada yangu, wewe usiposhona atashona mwingine."

"Basi kamtafute huyo mwingine! Nimeshakwambia sishoni, unataka nikuimbie?"

Kule kwenye moshi Husna aliangua kicheko mpaka kijiko kikamponyoka. Pantaleo hakucheka. Alilikunja gunia lake taratibu, kona kwa kona. "Tutaona utashona nini, basi," akasema, akaenda zake.

Utasema mwanamke huyu mkali bure. Ngoja nikwambie. Watu wengi wa mjini hapa ukiwauliza kilichowaleta watakujibu: maisha. Jibu gani hilo? Candida anakijua kilichomleta, na anakijua kwa jina. Alikuwa binti wa darasa la sita, anapenda hesabu kuliko kula. Mwaka huo mnunuzi alifika mpaka shambani kwao na lori lake. Akapanda juu ya gunia la baba, akawa anashindilia kwa kiatu na kusema: jaza, mzee, bado, jaza. Baba akajaza. Viazi vya kuuza vikaisha, kilemba bado hakijasimama, na lori linanguruma, na mnunuzi anasema akiondoka ndiyo harudi tena. Baba akaingia stoo, akatoka na viazi vya mbegu. Vile vidogo vidogo, alivyovichagua mwenyewe kimoja kimoja. Akavimwaga juu. Candida alikuwa amesimama pale pale ameshika kamba ya kufungia, na aliiona mbegu ya mwaka mzima inafungwa wavu na kuondoka. Msimu uliofuata shamba lilikaa na majani. Shule iliishia hapo, binti akapandishwa basi kuja Dar kufanya kazi za ndani kwa watu. Baba yake alikufa hajalitaja jambo lile hata mara moja.

Sasa leo mtu aje amwambie akishone kilemba kwa mkono wake mwenyewe? Thubutu!

Pantaleo naye hakulala. Alipita kwa wauza viazi wote wa sokoni akapiga mkwara: asiuziwe Mama Shazia gunia tupu hata moja, na atakayemuuzia asije kwake kutafuta mzigo. Watu wakaogopa. Wale wale waliokuwa wakimwita toka mbali, "Mama, magunia yako haya," sasa wakimwona wanajifanya wanasoma simu. Lori la kurudi Njombe likaondoka limebeba magunia marefu, yaliyoungwa huko Magomeni na mafundi wasiojua wala wasiouliza yanakwenda kumnyonya nani. Candida akakaa barazani mikono mitupu, shazia kaichomeka kwenye nywele, ana hasira mpaka chai haipiti.

Mchana akaja Seifu kula chipsi zake, kama kawaida. Seifu ni mkubwa wa makuli, mtu wa Lindi, ana shingo pana na sauti ndogo.

"Mama, mwombe radhi yaishe," akamshauri. "Yule bwana ana soko zima mkononi."

"Ana soko, ana viazi?" Candida akamrukia. "Na wewe unayemtetea, hebu niambie. Mnalipwa kwa gunia, sivyo? Hiyo lumbesa ukiishusha unahesabiwa gunia ngapi?"

"Moja."

"Na shingo yako inahesabu ngapi?"

Seifu akatafuna pole pole. Mkono ukapanda wenyewe ukashika shingo. Alimaliza chipsi zake akanawa akaondoka.

Aliyemtoa Candida kwenye kile kiti cha msiba ni Husna. "Shoga, wewe akili zako zote ziko kwenye sindano," alimwambia. "Magunia mwisho wake wapi? Sokoni? Mwisho wake kwetu, sisi wakaangaji. Umesusiwa na watu wa sokoni, sisi tumekususia? Inuka, nenda ukaombe mwenyewe, hata aibu huna tangu nikujue!"

Akainuka. Alizunguka na toroli Magomeni yote, akashuka Jangwani, akapita kila palipo na karai la chipsi. Magunia yalikuwepo tele! Wengine walikuwa wameyatandika chini wasiteleze kwenye mafuta, wengine wamezibia dirisha, mama mmoja alikuwa anamfunikia kuku anayeatamia, na yule kuku alikataa kabisa kulitoa. Na kila alipofika, wakaangaji walimwambia lile lile moja. Lumbesa wao hawaioni. Inapofika sokoni, wateja wa Pantaleo wanavua kilemba, wanakiuza kwa ndoo, na gunia linalomfikia mkaangaji ni lile fupi la siku zote, kwa bei iliyopanda.

"Kumbe!" Candida akamwambia Husna jioni hiyo, anapiga mapaja kwa hasira. "Aliyelima halipwi, anayekaanga hakioni. Kilemba kinaliwa hapo katikati!"

"Na wewe ulidhani tunakula sisi?"

"Niliwadhania, ndiyo. Mnanenepa sana."

Basi alikaa akashona. Bando la magunia mafupi lilikuwa limefika kiunoni, anatafuta namna ya kulituma, ndipo simu ikaita kutoka nyumbani Njombe. Alikuwa mdogo wake, Tarsis, ndiye aliyebaki na shamba la baba.

"Dada, tumejaza," Tarsis akasema.

"Mmejaza nini?"

"Haya marefu. Viazi tumeshachimba, mvua inapiga, magunia mengine hakuna. Tungefanyaje?" Kisha sauti ikashuka. "Nimeingia mpaka stoo, dada."

Candida alilijua neno hilo. "Tarsis! Mbegu?"

"Yalikuwa hayajai. Dereva akasema gunia lisilojaa mpaka kwenye kamba ya mdomo halipakii." Akakohoa. "Nakuja na mzigo mwenyewe. Na Angelina nakuja naye. Msimu ujao sina cha kupanda, shule sitaiweza. Akae kwako umfundishe kazi. Ana akili, huyu mtoto. Anapenda hesabu."

Candida alikata simu bila kuaga. Akalia pale pale barazani mbele za watu. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, na Husna anayejua tofauti yake alimwacha alie mpaka amalize. Alipomaliza alijifuta kwa gunia, uso ukabaki na vumbi, akasema, "Hapana. Kwangu kilemba kilikula mara moja. Kwa huyu mtoto hakili."

Fuso lenye mzigo wa Tarsis liliingia asubuhi mtaa ule ule wa Husna, watu wamejaa, honi zinapigwa. Candida alikuwa ameshafika. Ana kisu kiunoni, shazia kwenye nywele, na lile bando lake lote la magunia mafupi liko juu ya guta la magurudumu matatu. Tarsis akashuka amepauka kwa vumbi la safari, hawezi kumtazama dada yake usoni. Ndani, karibu na dereva, kakaa binti amevaa sweta ya shule, mfuko wa nguo mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa humo humo. Usishuke."

Angelina akamwangalia baba yake. Baba yake akaangalia viatu.

Pantaleo alikuwepo na wateja wake, wamesimama kivulini wanachagua kwa macho. "Haya makuli, shusheni!" akaamuru. Seifu akatangulia. Akapewa gunia begani. Akapiga hatua moja, ya pili, akasimama. Akalishusha chini.

"Bosi," akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "hili ni gunia ngapi?"

"Gunia moja, maswali gani hayo?"

"Basi hilo moja libebe wewe."

Kicheko kikaripuka. Seifu akakaa juu ya ukingo wa barabara, akafungua shati kifungo kimoja, akapumua. Makuli wenzake wakamtazama, kisha mmoja mmoja nao wakakaa. Lori limejaa, mzigo unapata jua, hakuna mtu anayegusa.

Candida akasogea mpaka kati. Mwanamke ana sauti, kama hujawahi kumsikia muulize Husna. "Mzigo wa nani huu?"

"Dalali ni mimi," Pantaleo akajibu.

"Sijauliza dalali. Nimeuliza nani kalima!"

Tarsis alikuwa ameegemea tairi. Akasema chini chini, "Dada, vitaoza hapa. Tuelewane naye tu."

"Sisi tumeelewana nao tangu enzi za baba! Umesahau baba alivyoelewana nao? Tarsis, nakuuliza wewe. Nani kalima?"

Palikuwa kimya, kimya cha Kariakoo, maana yake honi zinaendelea lakini watu wameacha kusema. Tarsis akainua macho, na macho yakakutana na kioo cha lori. Angelina alikuwa amebandika pua pale anawatazama.

"Nimelima mimi," akasema.

"Wasikie."

"Nimelima mimi na wenzangu!" Sauti ikamtoka mpaka akajishtukia mwenyewe. "Mzigo wetu!"

Candida hakusubiri la pili. Alichomoa kisu, akalishika lile gunia alilolishusha Seifu, akaweka ncha pale pale kwenye mshono wa kuungia, akavuta. Nyuzi zikalia krrr, kilemba kikaanguka, viazi vikaporomoka ndani ya gunia fupi alilolitega. Na hapo mkono wake ukasimama. Vilikuwa vidogo vidogo, vimechaguliwa kimoja kimoja. Vilivyoingia mwisho ndivyo vilivyotoka kwanza. Akamtazama mdogo wake, mdogo wake akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga. Candida akalivuta lile gunia la mbegu pembeni, akaliweka mbali na mengine yote, akalikalia kidogo kama mtu anayehofia kupokonywa. Kisha akaichomoa shazia, akaushona mdomo wa gunia lililobaki, harakaharaka, nyuzi zinapita zinavutwa, akafunga fundo akakata.

"Hili sasa ndilo gunia," akasema.

Seifu akainuka, akalipima kwa mikono, akalitupia begani. "Hili nalibeba. Niweke wapi?"

"Barazani kwa Husna."

"Hakuna atakayenunua!" Pantaleo akapayuka, mishipa imemtoka. "Mnasikia? Anayenunua hapo tusijuane! Vioze hapo hapo barazani!"

Na kweli, kwa muda, hakuna aliyenunua. Wateja wa Pantaleo walikunja mikono wakasimama. Candida akaendelea kukata na kushona, kukata na kushona, vidole vinachubuka, magunia yanapangana barazani hayana mwenyewe. Kiazi si bati, hakikai juani kikakusubiri upate haki yako. Lile lori halikuwa la Tarsis peke yake, lilikuwa na jasho la kijiji, na viazi vikioza wanakijiji watamlaani yeye na si Pantaleo. Alijua hivyo, na akaendelea kukata.

Husna akazima moto. Watu walishangaa, maana Husna huzima moto kwa msiba tu. Akaja anafuta mikono kwa khanga, akasimama mbele ya magunia, akapiga moja kofi la tumbo.

"Nachukua hili," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. "Na hili. Bei namuuliza mwenye shamba, sitaki mkalimani." Akamgeukia Pantaleo. "Na wewe, hii ni baraza ya marehemu mama yangu. Kama una neno, kanywe soda kwanza."

Hapo hapo zikaanza kuingia guta na bodaboda. Kumbe toka alfajiri mwanamke yule alikuwa kwenye simu. Wakaangaji wa Magomeni hao, wa Jangwani hao, mwenye kuku anayeatamia naye huyo. Walilipa kilemba miaka yote bila kukiona, leo wanalichukua gunia kwa mwenye kulilima, na lina urefu wa kupanda bodaboda. Tarsis mara ya kwanza alitaja bei kwa kuvuta maneno, anamtazama Pantaleo kwa pembeni. Baadaye hakumtazama tena. Kabla ya adhuhuri hata mteja mmoja wa Pantaleo alikuja kwa mlango wa nyuma, kajifunika kofia, anauliza kama yamebaki mawili. Husna alimtoa mbio na kijiko cha kuchotea chipsi.

Pantaleo alikaa mpaka akaona hakuna wa kumsikiliza. Akapita karibu na Candida, akainama. "Msimu ujao utanitafuta, dada."

Candida alikuwa kaing'ata shazia. Alimjibu kwa nyusi, na safari hii ilikuwa dharau, nakuhakikishia.

Usije ukadhani soko limegeuka. Kesho yake malori mengine yaliingia na vilemba vyao, na Pantaleo alikuwa pale pale anaita bei. Lakini kwa Seifu na wenzake, kuanzia siku ile, gunia refu wanalihesabu mawili, mtu atake asitake. Na bando la magunia mafupi lilipandishwa kwenye Fuso lile lile la kurudi Njombe, limefungwa kwa kamba nyekundu, na ujumbe kwa mdomo: mkijaza mpaka hapa, inatosha, anayetaka zaidi aje alime.

Jioni dereva akawasha gari. Candida mwenyewe alilibeba lile gunia la mbegu, hakumruhusu kuli kulishika, akalipandisha mpaka ndani, miguuni kwa Angelina. Alikuwa ameushona mdomo wake mara mbili.

"Ukifika, liingie stoo moja kwa moja," akamwambia. "Baba yako akitaka kulitoa kabla ya kupanda, nipigie simu."

Tarsis akacheka kwa aibu. Binti hakucheka. Toka asubuhi alikuwa ameangalia mji kupitia kile kioo, maghorofa, taa, watu, wala mguu hajautia chini zaidi ya kwenda msalani kwa Husna.

"Shangazi," akasema, kavimbisha midomo, "lakini mimi nilitaka kukaa Bongo."

Candida akapanda kwenye ngazi ya lori mpaka nyuso zikalingana. Hakumkaripia. Akamfunga kifungo cha juu cha sweta, kwa maana kwao kuna baridi.

"Utakaa," akamwambia. "Maliza shule, uje. Baraza lipo, na huyu Husna atakupa chipsi bure."

"Za bure hapa hakuna," Husna akadakia kutoka chini.

"Uje siku uliyotaka wewe, kwa usafiri uliotaka wewe, ufanye kazi uliyoichagua wewe. Mimi sikuchagua, Angelina. Mimi nililetwa na kilemba." Akaligusa lile gunia kwa ncha ya kiatu. "Wewe hakikuleti. Labda nife."

Angelina akamtazama, akalitazama gunia, akaweka miguu yote miwili juu yake, akavuta mlango akaufunga.